Sindano Ikufuate Wewe: Namna ya Kupanga Cherehani Kabla Mgongo Haujakataa

Mzee aliyenifundisha kushona alikuwa na msemo wake: fundi asiye na kibiongo bado ni mwanagenzi. Tulicheka, na tukauamini. Kibiongo kilikuwa cheti. Baada ya miaka kumi na moja ya kuinamia cherehani nami nikapata changu, na nyongeza juu yake: ganzi ya mkono wa kulia iliyoniamsha saa nane za usiku, nikiukung'uta mkono kama aliyeshika kaa la moto. Zilikuwa zimebaki wiki mbili Iddi iingie, kanzu na magauni yamejaa rafuni, na mkasi siwezi kuushika.

Nilichokuja kukijua baadaye kiliniudhi kuliko maumivu yenyewe. Kazi ilikuwa nyingi, ni kweli, lakini kilichoniponza hasa ni sentimita. Meza ilikuwa chini kwa sentimita chache, kiti kimekaa upande usio wake, na taa inaning'inia nyuma ya kichwa changu. Kuyarekebisha yote hayo kulinigharimu mbao, misumari, mkanda mpya wa cherehani na nusu siku ya seremala wa jirani.

Elimu ya mambo haya inaitwa ergonomia, yaani kuipanga kazi imfuate mtu, badala ya mtu kujikunja aifuate kazi. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mafundi cherehani, wenye mashine za miguu na wenye za umeme, pamoja na wenye maduka walioajiri mafundi.

Kwa nini "kaa wima" haisaidii

Kila mtu anajua kumwambia fundi akae wima. Fundi anakaa wima dakika mbili, kisha anarudi alikokuwa, na anayemtazama anadhani ni uzembe. Si uzembe. Fundi hachagui mkao. Mkao wake unachaguliwa na vitu vitatu: jicho linalotaka kuiona sindano, mikono inayotaka kukifikia kitambaa, na miguu inayotaka kukifikia kikanyagio. Sindano ikiwa mbali au chini, jicho linakivuta kichwa, kichwa kinaivuta shingo, shingo inauvuta mgongo.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikiwa kimesimama juu ya mabega, uzito huo unabebwa na mifupa. Kikiinama mbele, unahamia kwenye misuli ya nyuma ya shingo, nayo inakaza bila kuachia kuanzia asubuhi hadi magharibi. Misuli iliyokazwa hivyo hujibania mishipa yake yenyewe ya damu. Ndiyo maana fundi anachoka mabega wakati hajanyanyua kitu chochote kizito.

Habari hii si mpya hata kidogo. Mwaka 1700 daktari wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali, na washonaji aliwataja: wanakaa wamekunja mguu, wanapata ganzi ya miguu na maumivu ya kutoka nyongani kushuka chini. Cherehani yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa. Ilipokuja, tuliinuka sakafuni tukapanda kitini, maumivu yakapanda nasi.

Basi acha kupigana na mgongo. Isogeze sindano.

Hatua ya kwanza: piga picha usipotarajia

Mwombe mwenzako akupige picha ya ubavuni kwa simu, siku ya kazi halisi, bila kukuambia. Ukijua unapigwa picha utajinyoosha na picha itakudanganya. Apige pia moja kutoka nyuma.

Kwenye ile ya ubavuni tazama sikio liko wapi ukilinganisha na bega. Likiwa limetangulia mbele ya bega kwa upana wa kiganja au zaidi, shingo yako inafanya kazi isiyo yake. Kwenye ile ya nyuma tazama mabega: je, moja liko juu ya jingine? Je, kiwiliwili kimepinda kushoto?

Halafu chukua karatasi, chora mtu kama watoto wanavyochora, weka alama panapouma na uandike panaanza kuuma saa ngapi. Duka likiwa na mafundi watano, kila mmoja na karatasi yake. Wakiweka alama pale pale wote watano, huhitaji kutafuta nani ana mwili dhaifu. Tafuta kitu gani dukani wanakitumia wote.

Hatua ya pili: kitovu kitazame sindano

Hii ni bure, na ndiyo kosa ninaloliona karibu kila duka ninaloingia. Fundi anaweka kiti katikati ya meza, mbele ya mwili wa mashine. Lakini sindano haiko katikati, iko kushoto. Kwa hiyo kutwa nzima anakaa amejipinda kushoto, nyonga zinatazama upande mmoja na mabega upande mwingine.

Kaa, kisha sogeza kiti kushoto hadi kitovu chako kiwe mkabala na sindano. Mwanzoni utajiona kama umekaa upande. Baada ya siku tatu utasahau. Kwa mashine ya umeme, sogeza na pedali iwe chini ya mguu wako wa kulia ulivyokaa sasa, usiuache mguu ukiitafuta pembeni. Ile inayofungwa kwa fimbo kwenye klachi, yaani mota iliyo chini ya meza, inahamishika. Legeza nati, isogeze, kaza. Kwa mashine ya miguu kikanyagio hakihami, ila ni kipana: weka mguu mmoja mbele kidogo na mwingine nyuma, nyayo zote zikilala juu yake. Anayekanyaga kwa ncha za vidole tu atalipia kwenye mashavu ya miguu.

Ukiwa hapo chini, pima ulaini wa mashine. Toa uzi, inua mguu wa kubania kitambaa, kanyaga mara tatu nne kisha ondoa miguu. Gurudumu linatakiwa liendelee kuzunguka lenyewe kwa muda. Likisimama papo hapo, tia mafuta kwenye maungio ya kikanyagio na utazame kama mkanda umebana kupita kiasi. Mashine ngumu inakula magoti na nyonga kimyakimya.

Hatua ya tatu: kiti

Kiti cha plastiki ni adui mwenye sura ya rafiki. Kikalio chake kimeinamia nyuma, kimetengenezwa kwa mtu anayepiga soga. Fundi akikikalia, ama anateleza nyuma na kulazimika kuukunja mgongo aifikie mashine, ama anakaa ukingoni na egemeo linabaki halina kazi. Stuli isiyo na egemeo haina unafiki huo, lakini nayo inauacha mgongo peke yake siku nzima.

Mpelekee seremala vipimo vyako. Simama na viatu unavyoshonea, pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, ongeza sentimita 3 hadi 5. Huo ndio urefu wa kikalio. Kushona kunataka kiti kiwe juu kidogo kuliko cha ofisini ili mapaja yateremke mbele na kiuno kibaki na mkunjo wake wa asili. Kina cha kikalio kiwe kiasi kwamba ukikaa hadi nyuma, kati ya ukingo wa mbele na nyuma ya goti vinaingia vidole vitatu au vinne. Ukingo wa mbele auzungushe, usiwe na kona inayokata mapaja. Egemeo liwe fupi, likushike kiunoni na liishie chini ya mifupa ya mabega, kwa sababu viwiko vyako vinahitaji nafasi ya kupita. Juu ya kikalio weka sponji ngumu ya sentimita 5, uishonee foronya mwenyewe. Ukipata ya godoro laini itasinyaa ndani ya mwezi.

Kama duka lina kiti kimoja na mafundi wawili wanapokezana, tengeneza kwa kipimo cha mrefu, na mfupi awe na ubao wa kuongezea kimo cha miguu kwenye mashine ya umeme. Kwenye ya miguu haiwezekani: kila mtu awe na kiti chake.

Na usidhani kiti ni jambo dogo. Los Angeles, Marekani, mafundi wa viwanda vya nguo 277 waliokuwa na maumivu ya shingo na mabega walifuatiliwa kwa miezi minne, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Waliobadilishiwa viti, wakapewa vinavyopandishwa na kushushwa, walipata nafuu kuliko wenzao waliobaki na viti vyao vya zamani. Kazi ni ile ile, mashine ni zile zile.

Hatua ya nne: meza, na hapa usiharakishe

Kaa kwenye kiti chako kipya, acha mikono ining'inie, kunja viwiko. Bamba la sindano, kile kibati kilicho chini ya sindano, linatakiwa liwe usawa wa viwiko au juu yake kwa sentimita 5 hivi. Likiwa chini ya hapo, macho yanakushusha. Likiwa juu sana, mabega yanapanda kuelekea masikioni.

Umeona ugumu ulipo: macho yanataka meza iwe juu, mabega yanataka iwe chini. Kupandisha meza peke yake hakuwezi kuyaridhisha yote mawili. Kinachoyapatanisha ni kuinamisha meza kuelekea kwako, kama dawati la zamani la shule. Ukiinamisha, sindano inakutazama usoni na viganja bado viko chini. Digrii 10 zinatosha. Kwa meza yenye kina cha sentimita 42, kuinua ukingo wa nyuma kwa sentimita 7 kunakupa mwinamo huo bila kuhangaika na kupima pembe. Pigilia ubao mwembamba kwenye ukingo wa mbele, la sivyo mkasi na chaki vitakuwa vinakuangukia mapajani.

Namna ya kufanya inategemea mashine.

Mashine ya kiwandani yenye stendi ya chuma ni rahisi kuliko wengi wanavyojua. Tazama miguu ya stendi: ni bomba ndani ya bomba, na kuna boliti. Hizo zimewekwa ili urefu ubadilishwe. Nimeona mashine zilizokaa dukani miaka minane, boliti hazijawahi kuguswa, zimebaki kama zilivyotoka bandarini. Wawe watu wawili, mmoja ashikilie meza, mwingine alegeze. Miguu ya nyuma ikitoka zaidi kuliko ya mbele, mwinamo umepatikana. Kama mashine ina bakuli la mafuta chini, usizidishe hizo digrii 10, na baada ya kuinamisha hakikisha mafuta bado yanafika kwenye alama yake.

Mashine ya miguu inataka akili. Kosa linalofanywa ni kuweka matofali chini ya miguu ya chuma. Ukifanya hivyo kikanyagio nacho kinapanda. Unalazimika kupandisha kiti, na umbali kati ya mikono na miguu umebaki ule ule. Umejiinua tu, kama mtu aliyepanda jukwaani. Anachohitaji fundi mrefu ni kuongeza nafasi kati ya kikanyagio na kitambaa. Kwa hiyo fungua skrubu zinazoshika ubao wa meza kwenye fremu ya chuma, weka mbao katikati yake, kisha funga tena kwa skrubu ndefu zaidi. Mbao za mbele sentimita 3, za nyuma sentimita 10, na umepata kimo na mwinamo kwa mkupuo mmoja. Kama kimo kinakutosha na unataka mwinamo tu, weka za nyuma peke yake, za sentimita 7. Zichongwe kimshazari upande wa juu ili ubao ulale vizuri.

Sasa mkanda hautafika. Kila sentimita unayoipandisha mashine, mkanda unataka karibu sentimita mbili, maana unapanda upande mmoja na kushuka mwingine. Nunua mpya, uzungushe kwenye magurudumu yote mawili, ukate taratibu. Ukikata mfupi huna la kufanya tena. Habari njema ni kwamba mwinamo wa kuelekea kwako hauupotoshi mkanda, kwa sababu magurudumu yanabaki kwenye mstari mmoja. Ukiinamisha kwa upande, kushoto au kulia, hapo utaruka kila dakika.

Shona siku mbili kabla ya kukaza skrubu moja kwa moja. Mwili utakuambia kama umezidisha.

Hatua ya tano: taa

Mashine imekaa kulia kwa sindano, kwa hiyo inatupa kivuli panapotakiwa mwanga endapo taa iko kulia au nyuma yako. Weka taa ndogo ya kukunjika mbele, upande wa kushoto, chini ya usawa wa macho au imefunikwa isikupige usoni. Siku ya kushona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi utaelewa kwa nini nasema taa ni dawa ya shingo: fundi asiyeona anasogeza uso. Na kama umevuka miaka arobaini na unaisogeza sindano mbali ndipo uitunge uzi, nenda kapimwe macho. Miwani ya kusomea ni nafuu kuliko kuchuliwa shingo kila Jumamosi.

Hatua ya sita: kukata

Watu wengi wanakata chini, kwenye mkeka, kwa sababu kitambaa ni kirefu na chumba ni kidogo. Kukata mara moja kwa wiki hakuna ubaya. Kukata sare za shule mia mbili mwezi Desemba ukiwa umepiga magoti ni jambo jingine. Hata kama nafasi huna, ubao wa plaiwudi unaoegeshwa ukutani na kulazwa juu ya meza mbili unatosha. Kimo chake: simama, kunja kiwiko, shuka sentimita 10 hivi. Kwa watu wengi inaangukia kati ya sentimita 90 na 100. Meza iwe nyembamba kiasi kwamba mkono unafika katikati yake bila kulala juu yake kifudifudi, au iwe na nafasi ya kuizunguka. Zunguka wewe, usijivute.

Mkasi ndio ulioniharibia mkono mimi. Ulikuwa butu, na mkasi butu unadai nguvu kila unapofumba. Tumia mkasi wa fundi wenye mpini uliopinda, ili ubavu wa chini uteleze juu ya meza na kifundo cha mkono kibaki kimenyooka. Ukikata huku umekinyanyua kitambaa hewani, kifundo kinakunjika na ndani yake kuna mshipa wa fahamu unaobanwa. Noa kabla haujakuwa butu, si baada. Zungushia kipande cha flana kwenye tundu la kidole gumba. Usikate tabaka nane kwa mpigo kwa kujionyesha. Kata nne mara mbili. Anayetumia mkono wa kushoto atafutiwe mkasi wa kushoto, maana ule wa kawaida unamlazimisha kuusukuma kwa nguvu ndipo uume, na alama ya kazi hiyo iko kwenye kidole chake.

Na sindano ya mkono, kwa vifungo na pindo: tumia subana, kile kikofia cha kukinga kidole. Usishonee mapajani, weka mto juu ya meza, kazi ipande juu ya mto.

Pasi na mizigo

Meza ya pasi iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15, sawa na ya kukatia au chini yake kidogo, kwa sababu pasi inasukumwa kwa uzito wa mwili. Kosa kubwa la pasi ya mkaa si kuisukuma bali kuinyanyua: wengi wanaiweka sakafuni kila wakigeuza nguo, kisha wanainama kuichukua. Weka tofali juu ya meza, pasi itue hapo hapo. Chini ya meza weka tofali jingine, upumzishe mguu mmoja juu yake, kisha ubadilishe. Ukisimama saa tatu, kiuno kitakushukuru.

Majora: likate robota huko huko mlangoni, uingize jora moja moja. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, katika kanuni yake ya mwaka 1991 iliweka kilo 23 kuwa kikomo hata pale kila kitu kinapokwenda vizuri: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno, hujipindi. Ukichukua kutoka sakafuni, au mbali na mwili, au huku umejipinda, kikomo kinashuka. Kwa hiyo majora mazito yakae rafu ya katikati, mepesi juu, na chini kabisa weka mabaki ya vitambaa ambayo hakuna anayeyagusa.

Kuna wenzetu wanaoshona barazani na kila jioni wanaingiza mashine ndani, na kuna wale wanaotembea mitaani na cherehani begani wakigonga mkasi. Wa barazani: tengenezeeni fremu magurudumu, au ibebeni wawili. Wa begani sina jibu kamili. Badilisha bega kila mtaa, shona pedi nene, na siku ukipata baiskeli, mashine ndiyo ipande kwanza.

Hatua ya saba: bobini iwe saa

Meza nzuri haitoshi. Mwili hauvumilii mkao mmoja, hata uwe mzuri namna gani. Saa haisaidii, kwa sababu hakuna fundi anayeacha mshono katikati eti dakika thelathini zimetimia. Mimi natumia bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Uzi wa bobini ukiisha, nasimama. Reli za uzi nimeziweka rafuni, hatua nne kutoka kwenye mashine, makusudi. Zamani nilijaza bobini kumi asubuhi nikazipanga mbele yangu, nikajiona mjanja. Nilichofanya ni kujifunga kitini.

Ukisimama, viganja kiunoni, jinyooshe kwa nyuma mara tatu. Zungusha mabega. Vuta kidevu nyuma, kama unayekataa harufu. Fungua vidole vyote, funga, fungua. Nusu dakika imekwisha.

Dukani kwenye watu watatu, msimpe mmoja kukata, mmoja kushona, mmoja vifungo na pasi kuanzia Januari hadi Desemba. Pokezaneni kila baada ya saa mbili. Najua pingamizi: fulani ana mkono mwepesi wa zipu. Ana, na ndiyo maana mkono huo utakuwa wa kwanza kuuma. Malipo ya kipande kwa kipande yanazidisha tatizo, maana anayesimama anajiona anapoteza hela. Mwenye duka ndiye wa kulitatua hilo, hasa katika ile wiki ya mwisho kabla ya Iddi, Krismasi au shule kufunguliwa. Weka tarehe ya mwisho ya kupokea kazi, uiandike mlangoni, na uishike hata akija shangazi.

Ikianza kuuma

Uchovu unaoisha ukilala ni kawaida. Unaokukuta bado upo asubuhi kwa wiki mbili mfululizo si uchovu tena. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayokuja usiku, inaonyesha mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Maumivu yanayoteremka kutoka kiunoni kupita makalioni hadi chini ya goti yanatoka kwenye uti wa mgongo, hata kama mguu ndio unaolalamika. Kwa yote haya tafuta hospitali yenye fiziotherapia mapema, wakati bado mazoezi na marekebisho yanatosha.

Ukipata ganzi kati ya mapaja, au ukashindwa kuuzuia mkojo au choo, au mguu ukalegea ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri asubuhi.

Kuchuliwa kunatuliza, sikatai. Diklofenaki ya duka la dawa nayo inatuliza, lakini kuimeza kila siku ili umalize oda kunaumiza tumbo na figo, na kunakufanya uendelee kuharibu kile usichokisikia. Mkanda wa kiunoni haujathibitika kuzuia maumivu. Usikupe ujasiri wa kubeba robota peke yako.

Kama umeajiriwa, andika tarehe maumivu yalipoanza na umweleze mwajiri mapema, kwa maandishi ikiwezekana. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliotokana na sheria ya mwaka 2008, unaohusika na magonjwa yatokanayo na kazi na si ajali peke yake. Kenya ina sheria zake mbili za mwaka 2007, moja ya usalama kazini na nyingine ya fidia. Fundi aliyejiajiri hana mwajiri wa kumchangia, kwa hiyo yeye kinga yake ni zile mbao za sentimita 3 na 10.

Hatua ya mwisho: picha ya pili

Baada ya wiki mbili mwombe yule yule akupige picha tena, kutoka pale pale, bila kukuambia. Ziweke mbili sambamba. Usitarajie kujiona umenyooka kama askari. Tazama sikio tu, limerudi nyuma kiasi gani. Likiwa limerudi, iache meza kama ilivyo. Likiwa bado liko mbele, usianze na kiti, anza na taa: zima ile ya dukani, washa ile ndogo peke yake, ushone pindo moja uone kama kichwa kinapanda chenyewe. Kikipanda, tatizo lilikuwa mwanga. Kisipopanda, ongeza sentimita moja nyuma ya meza na usubiri wiki nyingine. Mimi niliongeza mara mbili, na mkanda wangu wa kwanza niliukata mfupi.